Nilivyoikata Pumzi ya Mzee Tanabe

Nyinyi vijana mnaopanda ngazi za hapa Al Baraha kila Jumapili baada ya ibada, mnakunywa chai yangu, mnamaliza mandazi ya binti yangu, halafu mnaniuliza, "Mzee Wanjala, tupe siri ya kazi ya mitambo," leo nitawaambia. Lakini kaeni chini kwanza. Na wewe wa simu, iweke mfukoni. Siri zenyewe si nyingi. Makosa ndiyo mengi, na moja nusura limrudishe mzee wa watu Japani akiwa na hasira na mjukuu wake bure.

Nimekuwa fundi wa sauti miaka thelathini na ushee, na zaidi ya ishirini ya hiyo nimeifanya hapa Dubai. Sasa nimestaafu na binti yangu ndiye kafeel wangu, mdhamini wa viza. Ndiyo, chekeni. Mtoto niliyempangusa kamasi leo ndiye anayeniambia viza yangu inaisha lini, na tena kwa sauti ya ofisini.

Kazi niliianzia kwetu Kitale, kwenye mikutano ya injili. Uwanja una upepo, una jenereta, una watoto wanaolia na jogoo asiyejua kwamba kuna maombi. Wewe kwenye mitambo kazi yako ni moja: watu wasikie neno, basi. Kila kitu kingine ni uchafu, ondoa. Mhubiri akisikika akivuta pumzi kwenye spika, mzee wa kanisa anakuja kukuuliza kama umelala. Kwa hiyo mimi nikalelewa kwenye usafi. Sauti yangu ilikuwa safi mpaka watu wa Bungoma walikuwa wananiita.

Nilipofika huku nilipokewa na Mister Joseph, Mhindi wa Kerala, mfupi, mkali, mwenye peni tatu mfukoni na zote haziandiki. Yule ndiye mwalimu wangu. Alinifundisha kufunga macho nikisikiliza, maana taa za miksa, ile meza ya kuchanganyia sauti, zinadanganya. Alinifundisha kuweka kiganja juu ya spika nisikie besi kwa mkono kabla ya sikio. Akanifundisha pia dua ya mafundi wote wa Ghuba: "Ni waya, sir." Spika ikilia vibaya, ni waya. Ukichelewa kufungua maiki ya bwana harusi, ni waya. Mteja hakuulizi zaidi, kwa sababu hakuna mteja anayejua habari za waya. Nimezisingizia waya miaka yote hiyo. Zingekuwa na mdomo ningekuwa gerezani.

Sasa, mwaka wangu wa mwisho kazini, akaja ghalani kwetu Ras Al Khor msichana wa Kijapani anaitwa Haruka. Kampuni yetu ilikuwa inakodisha mitambo, na ghala lilikuwa katikati ya magereji. Upande huu wananyoosha bodi za magari, upande ule wanauza injini kuukuu. Haruka alizaliwa Japani lakini amekulia hapa, kwao ni Mirdif. Anafanya muziki wa mashine: kompyuta moja, na kisanduku cha vitufe vinavyowaka rangi zote. Lakini msidhani anabonyeza rekodi halafu anainua mikono juu kama hao mnaowaona kwenye simu. Anaikamata sauti hapo hapo inapopigwa, anaikata, anairudia, anaivuta mpaka inakuwa ndefu kama barabara ya Al Ain, na anaitandika chini ya mpigaji wakati mpigaji bado anapiga. Ni kazi ya jasho.

"Mister Wanjala," akaniambia, "babu yangu anakuja. Anapiga shakuhachi. Tunapiga pamoja, yeye na mimi, onyesho moja."

Shakuhachi ni filimbi yao ya zamani, ya mwanzi. Kipande cha shina la mwanzi, mashimo matano, basi. Huna kitufe, huna skrubu. Unaishika wima mbele yako na kupuliza ukingoni.

Nikamwambia, "Hakuna shida, madam. Maiki moja, dakika tano, khalas."

Jameni, mdomo huu!

Akakaa juu ya kasha la spika akanieleza jambo lenyewe, na nawaomba mlishike, maana ndilo lililokuwa linamnyima usingizi. Babu yake, Mzee Tanabe, alikuwa na miaka themanini na moja, na daktari alikuwa amemwambia hii iwe safari yake ya mwisho ya ndege. Maisha yake yote amefundisha filimbi. Wanafunzi wake huwakosoa mpaka wanatokwa jasho: kidole kimechelewa, shingo imelala, rudia. Lakini mgeni hamkosoi. Mgeni akipiga hata upuuzi, mzee huinama kwa adabu na kusema, "Nzuri sana."

"Tangu niko shule namchezea muziki wangu," Haruka akasema. "Kila mara ananiambia nzuri sana."

Nikasema, "Si vizuri hivyo?"

Akaniangalia kama nimemkanyaga. "Mimi ni mjukuu wake. Nimechoka kuwa mgeni."

Mimi nina mjukuu mmoja anayepiga ngoma kwenye masufuria ya mama yake. Maneno yale yaliniingia.

Mzee akaja. Mwembamba, kanyooka, viatu vinang'aa, filimbi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa chenye unyevu. Msaidizi wangu Musa, Mganda wa Jinja, alitaka kuitoa kwenye plastiki aipanguse ikauke. Ilibidi nimshike mkono. Mwanzi haupendi ukavu wa AC za huku, unapasuka kama midomo ya Januari. Hilo nililijua kwa sababu nilikuwa nimeshapasua chombo cha mtu miaka ya nyuma, na pale nilisema ni waya.

Mazoezi ya kwanza tulifanya ghalani, mlango wazi, joto la kukaanga yai. Mzee anapiga, mashine ya Haruka inamfuata, na mimi nasikia hazikutani. Filimbi iko juu kidogo. Nikamwendea mzee nikamwambia kwa heshima, "Sir, tafadhali, shusha kidogo." Haruka akatafsiri. Mzee akaiangalia filimbi, akaniangalia mimi, akaigeuza kuitafuta sehemu ya kushushia, akanipa niitafute mimi. Musa alicheka mpaka akatoka nje. Ndipo Haruka akanielewesha: mwanzi ukipata joto sauti inapanda, ukipoa inashuka, na hakuna wa kuubembeleza. Kompyuta ndiyo itakayoinama. Akazungusha kitufe chake kidogo na zikakaa pamoja. Andikeni hiyo. Kati ya kilichoota na kilichotengenezwa, kinachosogea ni kilichotengenezwa.

Basi, wakati tunaendelea, jirani wa gereji akaanza kunyoosha mlango wa Land Cruiser. Kwang! Kwang! Kila nyundo inaingia kwenye maiki ya mzee, Haruka akiikata sauti na kuirudia, nyundo nayo inajirudia. Nikafanya nilichofanya miaka yote. Kwenye miksa kuna kitu tunakiita geti. Unakipangia kiwango: sauti kubwa inapita, ndogo inafungiwa nje. Nikalikaza geti la maiki ya mzee mpaka nyundo ikanyamaza. Filimbi ikabaki peke yake, safi kabisa. Nikajipigia makofi moyoni.

Na nikaihifadhi ile mipangilio kwenye miksa, jina lake nikaliandika "Babu".

Siku ya pili tukahamia ukumbini. Hakuna gereji wala nyundo, kimya cha msikitini. Nikawasha miksa, nikafungua "Babu", tukafanya mazoezi yote mwanzo mpaka mwisho, na nikarekodi. Mzee hakutaka spika mbele yake jukwaani. Alisema anaisikia filimbi yake kwenye mifupa, inamtosha. Kwa hiyo pale hakujua watu watasikia nini. Akamaliza, akainama kwa Haruka, akasema lile neno lake la wageni. Nikamwona mtoto anakunja waya ya kisanduku chake bila kuinua uso.

Jioni akampeleka ile rekodi nyumbani waisikilize pamoja.

Asubuhi simu yangu ikalia. Ni Haruka, na analia. "Babu amesikiliza dakika tatu tu. Amesema anayepuliza humo amekufa. Amesema mashine yangu imekula pumzi yake. Anaondoka kesho. Mister Wanjala, nimekosea wapi? Nimepitia kila kitu, sioni."

Nikamwambia angoje. Nikafungua kompyuta ya kazi, nikaweka hedifoni, nikafunga macho. Na mimi nikasikia. Noti zilikuwepo, nzuri, zimenyooka. Lakini kabla ya noti, hamna kitu. Baada ya noti, hamna kitu. Yule mzee huanza kwa pumzi tupu, hafifu, halafu ndani ya pumzi ndipo sauti inazaliwa polepole, na mwishoni inarudi kuwa pumzi tena mpaka inaisha. Huo ndio muziki wenyewe. Na geti langu lilikuwa limekata huku na huku kama mtu anayekata kichwa na mkia wa samaki. Nyundo ya Land Cruiser na pumzi ya Mzee Tanabe, kwangu vilikuwa ni uchafu ule ule.

Nikaona jasho linanitoka na AC iko kumi na nane.

Musa alikuwa anapakia waya. Nikamweleza. Akatazama huku na huku. "Ssebo, mzee wangu, sikiliza. Arbab akijua, khalas, umekwisha, na umebakisha miezi tu. Wewe sema ni waya."

Arbab ndiye tajiri wetu, mwenye kampuni. Na nawaambia ukweli, vijana, neno hilo lilikuwa kwenye ulimi. Waya isingesumbua mtu. Ningebadilisha mipangilio kimyakimya na ningetoka msafi. Lakini waya isingemrudishia Haruka heshima yake. Mzee angepanda ndege anajua mjukuu wake ndiye aliyemuua kwenye kompyuta, na asingerudi tena kuambiwa vingine. Nikamwambia Musa, "Lete gari. Twende Mirdif."

Mlango ulifunguliwa na Violet, dada wa kazi, mtu wa Kakamega. Hata salamu hakunipa. "Wee, mmemfanya nini huyu mzee? Tangu jana hata chai hanywi. Ameshafunga sanduku!"

"Ni mimi, Violet."

"Ni wewe nini?"

"Nipitishe tu."

Nikavua viatu. Mzee alikuwa sebuleni, kakaa wima kwenye kochi, sanduku miguuni, filimbi mapajani. Haruka kasimama dirishani, macho mekundu. Nikamwambia, "Madam, naomba unitafsirie. Neno kwa neno, usinipambie." Akaitikia kwa kichwa.

"Mwambie hivi. Mashine ya mjukuu wako haikula kitu. Haikupewa."

Akatafsiri.

"Pumzi ilikatwa kabla haijamfikia. Aliyeikata ni mimi."

Haruka akafungua mdomo atafsiri, akaufunga. Akanigeukia. "Ni wewe?"

"Ni mimi, madam. Niliifungia ghalani kwa sababu ya nyundo, nikasahau kuifungulia. Tena sikusahau tu. Nilidhani nimesafisha. Nisamehe. Mwambie na yeye anisamehe."

Nilidhani atanirukia, na angekuwa na haki. Badala yake akapiga magoti karibu na babu yake akamweleza, polepole. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: kwa nini nilidhani pumzi ni uchafu?

Sikuwa na la kupamba. Nikasema, "Nimefundishwa kuiondoa tangu nikiwa kijana, na hakuna aliyewahi kunilaumu."

Haruka alipomaliza kutafsiri, mzee akatoa sauti kama ya kikohozi. Kumbe anacheka. Akauliza kama naweza kuirudisha. Nikamwambia naweza, hata leo. Akalisukuma sanduku kwa mguu likaenda pembeni, akamwambia Violet kitu kwa ishara ya kikombe.

"Sasa ndio anataka chai!" Violet akasema. "Si mngekuja asubuhi?"

Arbab nilimpigia mwenyewe nikiwa bado kwenye ngazi. Alinitukana kwa Kiarabu dakika mbili, mengine hata sikuyajua, halafu akauliza kama onyesho lipo. Nikasema lipo, inshallah. Akakata simu. Hiyo ndiyo adhabu yote niliyopata, na nilikuwa nimeiogopa maisha yangu yote.

Tukarudi ukumbini mchana ule ule. Nikaondoa geti kabisa. Maiki nikaiweka umbali wa mkono mmoja, kimo cha kidevu, imeegama pembeni ili pumzi iipitie na isiipige usoni. Tundu la AC juu ya jukwaa nikaomba lifungwe. Nikamwambia mzee apulize bila noti. Akapuliza. Ukumbi mzima ukajaa ile hewa, na Musa aliyekuwa amekaa kiti cha mwisho akageuka nyuma kuangalia nani anapumua.

Haruka akasimama. "Subirini. Subirini kidogo." Akafuta nusu ya kazi yake. Alikuwa amejenga kila kitu juu ya noti nilizompa mimi, zile zilizokufa. Sasa akaikamata pumzi peke yake, akaikata vipande vifupi, vikawa mdundo. Hakuweka ngoma hata moja. Mdundo wote ulikuwa kifua cha yule mzee. Ulikuwa bado unayumbayumba, lakini mimi nywele zilinisimama.

Mzee akasikiliza, mikono magotini. Akainuka. Akainama.

"Nzuri sana," akasema.

Yaani hata baada ya yote hayo! Haruka akatabasamu ile tabasamu ya kuzuia machozi, akasema asante, akaenda chooni akakaa huko muda mrefu. Mimi na Musa tukatazamana. Sikuwa na waya ya kusingizia, na hili nalo sikuwa na kifaa cha kulirekebisha.

Onyesho lilikuwa Jumamosi saa kumi alasiri. Ukumbi ulijaa, Wajapani wazee mbele, vijana wa muziki wa mashine nyuma na vibegi vyao. Mzee akaanza. Pumzi, kisha sauti, kisha pumzi. Haruka akaikamata, akaanza kuirudisha kidogo kidogo, na sasa kulikuwa na wazee wawili wanapumua ukumbini, mmoja wa nyama na mmoja wa umeme. Mikono yangu juu ya miksa ilikuwa imetulia, sikugusa kitu. Ni kazi ngumu hiyo, kutogusa.

Katikati, mzee akaanza kwenda kasi. Sijui kama ni furaha au ni ubishi. Haruka akaingia kwa kuchelewa. Mzee akampa nafasi nyingine, akachelewa tena. Safari ya tatu, mbele ya watu wote, katika muziki wa heshima kama ule, Mzee Tanabe akageuza shingo, filimbi bado mdomoni, akamkata mjukuu wake jicho kali, na akapiga mguu chini. Pa! Pa! Anamhesabia! Maiki ikachukua kila mguu. Watu wa mbele wakashtuka. Na Haruka, mdomo wazi, akaukamata ule mguu kwenye mashine, akauweka ndani ya mdundo, na kuanzia hapo hawakuachana tena mpaka mwisho.

Makofi yalipoisha nikaenda nyuma ya jukwaa kumshukuru mzee. Nikakuta hapakaliki. Mzee amesimama, anaongea kwa ukali, anahesabu kwenye vidole: kimoja, cha pili, cha tatu, anahamia mkono wa pili. Haruka amesimama mbele yake kainamisha kichwa, machozi yanadondoka kwenye viatu.

Nikamnong'oneza, "Madam, anasema nini? Ni mimi tena?"

"Anasema nimechelewa mara tatu," akasema. "Anasema mkono wangu wa kushoto ni mvivu. Anasema nasikiliza mashine kuliko ninavyomsikiliza mpigaji, na ni aibu. Kesho saa moja asubuhi turudie yote."

"Pole sana, madam."

"Pole ya nini?" Akainua uso, na uso wote ulikuwa unacheka. "Mister Wanjala, amesema ni aibu!"

Mzee akamaliza vidole vyote kumi. Kisha akaniona mimi. Akanyoosha koti lake, akainama kwa adabu, na kwa Kiingereza chake kidogo akaniambia kwamba sauti yangu ilikuwa nzuri sana.